Ng'ombe Aliyerudi kutoka Chebunyo

Kabla ya kuondoka

Tangu nirudi, kila anayeingia hapa kwangu Siongiroi anakunywa chai, anazungukazunguka na habari za mvua na mahindi, halafu anauliza lile lililomleta: "Sasa Joel, yule ng'ombe mwekundu si ulimpeleka Chebunyo? Anafanya nini hapa?" Nimechoka kujibu nusunusu. Kaeni niwaeleze mara moja, kutoka ile safari ya Kericho mpaka huyu ng'ombe. Mkitaka kucheka, chekeni pale kwa pikapu, maana kwingine hakuna cha kuchekesha.

Mnajua nilikuwa dereva wa lori la majani chai upande wa Litein. Mnajua pia kwamba mwaka wa tisini na saba nilimgonga Kipng'etich, kijana wa Mzee Arap Mitei wa Chebunyo, aliyekuwa akiuza maziwa kulekule, akiwa kwenye baiskeli na mitungi yake, akafa palepale. Polisi waliandika kwamba mvua ilinyesha na barabara ilikuwa na utelezi. Kweli mvua ilinyesha. Lakini wazee walipotukalisha chini kule Chebunyo, mimi sikutaja utelezi. Kwetu, ng'ombe wa fidia wa mtu aliyeua hapokelewi mpaka mwenyewe aseme yote, nyasi mkononi kama kiapo, mbele ya baba wa marehemu, bila kubakiza hata neno. Basi nikasema. Siku ile niliteremka mlima gari likiwa halina gia, ile madereva tunaita fri, ili niokoe dizeli nikaiuze. Lori lililojaa majani likienda fri kwenye mteremko, breki peke yake hailiwezi. Sheria inakataza, na mimi nilijua kwamba inakataza.

Mzee Arap Mitei alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza. Kisha akampokea ng'ombe mwekundu, tukanywa mursik, maziwa yetu ya kuganda, kutoka kibuyu kimoja, mimi na yeye. Nililia pale mbele za watu, na sioni aibu kusema.

Kosa langu la pili likaanzia hapo. Nikadhani imeisha! Korti ya Kericho ikaniita, sikwenda. Ikaniita tena, sikwenda. Nikawa natangaza hapa sokoni: nimeshalipa, baba mwenyewe amenisamehe, serikali inanidai nini? Mpaka askari wawili wakaja kunichukua siku ya mnada, mbele yenu nyote. Habari za dhamana na makaratasi sitawachosha nazo. Niliambiwa nifike siku fulani nijitetee, na kama nina shahidi nije naye. Nilikuwa na mmoja tu. Nikaenda Chebunyo kumwomba Mzee anisindikize, amweleze hakimu kwamba mambo yamekwisha. Hakusita hata kidogo.

"Twende," aliniambia. "Huyo hakimu hajaambiwa tu. Akiambiwa, atafunga hicho kitabu."

Siongiroi mpaka Bomet

Tuliondoka hapa alfajiri, siku moja kabla ya kesi. Ulikuwa ule mwaka wa mvua kubwa iliyokatakata barabara zetu, na tangu usiku uliotangulia hakuna gari lililokuwa limethubutu kupita. Mzee alivaa koti lake refu la kijivu na viatu vya mpira, fimbo mkono wa kulia, kibuyu cha mursik begani. Mimi nilivaa suruali ya kanisani. Upumbavu! Hatujafika hata mtoni, matope yalikuwa yamenifika magotini.

Tulitembea kwa muda wa karibu saa nne. Mzee alikuwa na miaka sabini na kitu, lakini mimi ndiye niliyekuwa napumzika. Kila nikisimama ananingoja, anaangalia mawingu. Nilitaka anisute kidogo. Mtu uliyemuulia mtoto akikungoja kwa upole namna ile, unashindwa pa kuweka macho.

Tulipofika penye mteremko mmoja akaniuliza, "Huyo hakimu ana watoto?"

"Sijui, Mzee."

"Kama ana watoto, ataelewa haraka."

Mbele kidogo tulikuta trekta lililokuwa likivuta lori kutoka mtaroni, na dereva wake akatubeba hadi karibu na Bomet. Tulifika mchana, tumelowa, tukanywa chai kwa mandazi katika hoteli moja ndogo penye stendi. Mzee alitia mursik kidogo kwenye kikombe changu kabla hajajimiminia yeye. Watu wa meza ya pili wakadhani mimi ni mtoto wake. Mama mwenye hoteli akamwambia, "Mzee, una bahati, kijana anakusindikiza." Yeye akajibu tu, "Ndiyo, tuko pamoja."

Bomet mpaka Kaplong

Mabasi yalikuwa hayaji. Tulipata pikapu iliyobeba kabichi, tukapanda nyuma sisi na watu wengine wanne. Sheria hairuhusu gari la mizigo kubeba watu nyuma, na mimi, dereva wa miaka kumi na mitano, niliijua kuliko mwenye pikapu. Lakini nani angekaa Bomet kungoja sheria ilete basi?

Kabla ya Kaplong, lori lililotoka mbele likatuwashia taa mara mbili. Nyote mnajua maana yake. Mwenye pikapu akasimama, akaja nyuma mbio.

"Jameni, trafiki wako hapo kona. Tuseme tunaenda matanga. Hao huwa hawashiki watu wa matanga. Mama, wewe anza wimbo."

Msicheke bado. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja mnene, aliyekuwa amekalia gunia, akajifunga leso kichwani na kuanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya kilio, na mwingine akaitikia. Kwa kweli waliimba vizuri. Tulifika kwenye miba ya chuma ya trafiki tukiwa msafara wa huzuni kabisa, juu ya kabichi.

Askari akazunguka nyuma. Akatutazama mmoja mmoja, akamchagua mkubwa wetu.

"Pole, Mzee. Mmefiwa na nani?"

Nilimkanyaga Mzee mguu. Akauondoa.

"Leo hakuna mtu amekufa," akasema. "Wangu alikufa mwaka jana, na tulishamzika. Sasa tunaenda Kericho, korti."

Wimbo ukakatika. Yule askari alicheka mpaka akashika ubao wa gari. Kisha akaacha kucheka, akamwambia mwenye pikapu ageuze gari aelekee kituoni, kwa kubeba abiria bila idhini na kwa kumdanganya afisa. Sisi tukateremshwa hapo mvuani. Mwenye pikapu alimtazama Mzee kwa macho ambayo sijayasahau. "Asante, Mzee," alisema. "Watoto wangu watakula hiyo ukweli yako."

Tukatembea tena kuelekea Kaplong. Niliwaka hasira, sifichi.

"Mzee, si ungenyamaza tu? Si ungenyamaza?"

"Aliniuliza," akasema.

"Hata kama!"

"Yule mtu ameuliza nimefiwa na nani. Ningenyamaza, ningekuwa nimemuuza Kipng'etich kwa nafasi ya kukaa juu ya kabichi."

Leo nawaambia wazi: pale ndipo nilipopaswa kuelewa nilikuwa nimempeleka kortini mtu wa namna gani. Sikuelewa. Nilikuwa nafikiria tu viatu vyangu na saa zilivyokuwa zikienda.

Litein mpaka Kericho

Jioni tulipata basi. Baada ya Litein mashamba ya chai yalianza kuteremka pande zote mbili za barabara, na ukungu ulikuwa umekaa juu yake. Mnajua ninavyoipenda ile barabara. Miaka yote niliipita nikipiga mluzi. Siku hiyo nilihesabu vituo vya kununulia chai kimoja kimoja, kwa sababu nilijua kimekaribia kile chetu, pale juu ya mteremko.

Tulipokifikia, nikasikia kitu ambacho abiria wengine hawakusikia. Mngurumo wa basi ukafifia, ikabaki sauti ya upepo na matairi. Dereva alikuwa ametoa gia.

Mzee akageuza kichwa. "Mbona limekuwa kimya?"

"Ni fri, Mzee," nikanong'ona.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

"Na ni hapa?"

"Ni pale chini, penye mti wa mtarakwa."

Akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akaangalia dirishani mpaka tulipofika chini na injini ikaamka tena. Kisha akasema polepole, kana kwamba anajieleza mwenyewe, "Basi hakusikia kitu. Siku zote nilikuwa najiuliza kwa nini hakuruka pembeni. Masikio yake yalikuwa mazuri."

Mungu wangu. Mbele ya wazee nilisema yote, lakini hilo sikulisema kwa sababu sikuwa nimelifikiria. Lori langu lilimjia kijana wa watu kwa nyuma likiwa kimya.

Kericho tulilala kwa Onsongo, Mkisii, dereva mwenzangu wa zamani, aliyekaa nyumba za wafanyakazi katika shamba la chai nje ya mji. Mkewe alitupikia ugali wa wimbi na mboga chungu, akatuanikia nguo jikoni. Mzee alikula akashiba, akaomba ruhusa akalale mapema. Alipoondoka tu, Onsongo akasogeza kiti.

"Kesho utasema nini?"

"Nitasema ilivyokuwa."

"Una wazimu? Kuua mtu kwa kuendesha ovyo si mchezo, utafungwa. Joel, nani alikuwa na wewe ndani ya kabini?"

"Hakuna. Wapakiaji walikuwa nyuma, juu ya magunia."

"Basi! Polisi wenyewe wameandika utelezi. Wewe ongeza tu kwamba ulikuwa kwenye gia ya pili. Mzee atasema amekusamehe, hakimu atakupiga faini, utarudi kwa usukani. Ukisema fri, leseni imekwenda, na watoto watakula nini?"

Nilimwambia nitafikiri. Uongo huo. Nilikuwa nimeshakubali kabla hajamaliza kusema, na usingizi nilipata, tena mzuri.

Kortini

Saa tatu asubuhi tulikuwa pale. Askari wa korti akatutenganisha: mashahidi wanangoja nje, hawaruhusiwi kusikia yanayosemwa ndani. Mzee akakaa kwenye benchi la ukumbini na kibuyu chake. "Nenda tu," aliniambia. "Nitakuja nimalize."

Nikapanda kizimbani, nikaapa kwa Biblia. Hakimu alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, hakuwa na haraka. Nikasema nilikuwa gia ya pili. Nikasema nilishika breki mapema, gari likateleza lenyewe. Nilisema vizuri sana, jamani. Ukinisikiliza ungenihurumia. Hata kiongozi wa mashtaka, inspekta mmoja mrefu, aliniuliza maswali mawili matatu tu akakaa.

Kisha wakamwita Mzee.

Aliingia, akavua kofia, akaambiwa aseme kwa lugha yake na karani atatafsiri. Akaapa. Akanitazama akatabasamu kidogo, kunipa moyo. Akamweleza hakimu kwamba yeye ndiye baba wa Kipng'etich, kwamba alipokea ng'ombe mwekundu, kwamba hana neno tena na mimi. Hakimu alikuwa anaandika. Akamwambia kwa upole kwamba msamaha wake umesikika, lakini anayeshtaki si yeye, ni Jamhuri, na barabara ni ya watu wote. Ng'ombe hawezi kuifuta kesi ya trafiki.

Mzee akaona hakimu hajaelewa. Akataka kumsaidia.

"Mwambie huyu mama," akamwambia karani, "sikumsamehe bure. Nimemsamehe kwa sababu huyu kijana si mwongo. Polisi walisema utelezi. Yeye mwenyewe, bila kushikwa na mtu, alitusimulia kwamba alikuwa ametoa gia pale mlimani ili aokoe dizeli. Wangapi wangesema hivyo? Mtu kama huyu hafai kufungwa."

Karani alitafsiri neno kwa neno. Kalamu ya hakimu ikasimama.

Inspekta akainuka. "Mzee, una hakika alisema alikuwa ametoa gia?"

"Alisema akiwa ameshika nyasi."

"Na ukisikia kwamba leo asubuhi, hapa, ameapa kuwa alikuwa gia ya pili?"

Karani akatafsiri. Mzee aligeuka akaniangalia pale kizimbani, na hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Akaniuliza kwa Kipsigis, kana kwamba tuko sisi wawili tu katika chumba kile kizima cha watu:

"Umewaambia hivyo?"

Nikaangalia chini. Hakimu akangoja. Wote wakangoja. Sikufungua mdomo.

Hukumu ilisomwa mchana huohuo. Kifungo cha mwaka mmoja na nusu, na leseni isiwe mkononi mwangu kwa miaka mitatu. Hakimu alisema angeweza kufikiria vingine kama ningekuwa nimesema kweli tangu mwanzo. Sijui kama angefanya hivyo. Walipokuwa wananipeleka kwenye karandinga, nilimwona Mzee ukumbini akimuuliza askari njia ya kwenda stendi. Nikamwita, "Mzee! Baba!" Alisimama. Hakugeuka. Akaweka kofia kichwani akaendelea kutembea, na kibuyu begani.

Kurudi nyumbani

Ya gerezani nayaacha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye uji wa asubuhi na jembe la serikali. Miezi ya kwanza nilikuwa na wazo moja: je, alifika? Mzee wa Chebunyo, hajui Kiswahili cha maana, peke yake stendi ya Kericho na mvua ile. Mke wangu Rebeka alipokuja kuniona aliniambia kwamba alifika, siku ya tatu. Nilipomuuliza kama amesema lolote, akaanza habari za mahindi.

Nilitoka wiki tatu zilizopita. Nilipita barabara ileile, mteremko uleule, nikafumba macho mpaka tulipofika chini. Kutoka Bomet nikapata lori, na mwisho nikatembea. Nilipofika langoni kwangu nikamwona ng'ombe mwekundu amefungwa penye ua, na ndama ubavuni.

Rebeka akaniambia yote pale tumesimama. Mzee alimleta mwenyewe, mwezi mmoja baada ya mimi kufungwa, ametembea naye kutoka Chebunyo. Alikaribishwa ndani akakataa. Aliletewa maziwa akakataa. Alimfunga ng'ombe pale, akaacha maneno.

"Alisema nikuambie hivi," Rebeka akasema. "Nilimpokea huyu ng'ombe kwa neno ulilosema. Lile neno uliligeuza Kericho. Sasa siwezi kufuga ng'ombe ambaye sijui amelipia nini."

Sasa mmejua. Huyo ng'ombe amezaa hapa, na mke wangu hajamkamua hata siku moja. Ndama anakunywa yote. Watoto wakiulizwa na wenzao kwa nini wananunua maziwa na kwao kuna ng'ombe, wanakimbia. Hukumu ya Kericho nimemaliza, na leseni nikipenda nitaiomba siku zake zikitimia. Lakini kwa Arap Mitei mimi ni mtu aliyemuulia mtoto na hajalipa. Mnapokuja hapa mnasema ameonewa Joel, ameadhibiwa mara mbili. Hapana. Serikali imeniadhibu mara moja, na nilistahili. Ya pili, huyu ng'ombe kurudishwa, nilijiletea mwenyewe kwa mdomo wangu.

Wiki tatu nimekuwa nikisema kesho, kesho. Basi leo nimewaambia nyote ili nisipate pa kujificha. Kesho asubuhi nitamfungua, yeye na ndama wake, twende Chebunyo kwa miguu. Nitang'oa nyasi njiani. Nitasema ya fri, nitasema ya gia ya pili, nitasema na ile ya lori kuwa kimya. Sijui kama atanifungulia lango. Pengine atasimama tu upande wa ndani aniulize tena lile swali aliloniuliza kizimbani, na safari hii nitamjibu.